Kiti cha Muzee Tadeo

Jamani, kuna wanaume wanaokimbia ndoa, lakini Casimir alikuwa akikimbia kiti.

Providence alimjua hivyo tangu siku ya kwanza, soko la Rumonge limefurika, hewa yote inanuka mawese na samaki wadogo wa ndagala. Casimir, mwalimu wa shule, alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi kali, akaomba bidoni moja ya mafuta. Providence, kikwembe cha njano kiunoni, akamsogezea kigoda.

"Kaa basi, Mwalimu, nikupimie."

"Murakoze, asante dada. Nitasimama."

"Unaogopa mafuta yangu ama unaniogopa mimi?"

"Weye," akajibu, wote wakacheka.

Miezi mitatu simu hazikupoa. "Umekula, mupenzi?" "Nitakula nikikuona." Mapenzi yalimchanganya Providence hata akawa anajaza bidoni za wateja mpaka zinamwagika.

Kisha Casimir akaenda Kizuka kujitambulisha kwa baba wa Providence. Muzee Tadeo alifuta kiti cha wageni kwa mkono wake mwenyewe. Casimir akabaki wima, jasho linamtiririka.

"Niko sawa hivi, Muzee."

Mara tatu alikaribishwa, mara tatu akakataa! Loo, kukataa kiti cha mwenye nyumba ni sawa na kumtemea mate. Muzee akainuka. "Mwenye kukataa kiti changu, mutoto wangu hatamuoa."

Providence alilia kwa aibu, akawa hapokei simu za Casimir. Mwezi wa pili moyo ukamshinda, akapokea.

"Uko wapi, mwenye kiburi?"

"Dar es Salaam, hospitali. Niko na kansa, Providence. Iko kwenye njia ya haja kubwa. Nikikaa, ni moto. Ningesemaje hiyo mbele ya baba yako?"

"Mupumbavu weye! Na mimi? Mimi ni mugeni?" Akalia palepale sokoni, wateja wakimtazama.

Tangu hapo kila jioni alimuuliza habari za mionzi na dawa, maana madaktari walitaka zitangulie kisu cha upasuaji ili uvimbe usinyae. Ukasinyaa kweli. Casimir akaweza kukaa, na ujanja ukamwingia.

"Naona nimepona. Nirudi tuoane, kisu cha nini?"

"Rudi bila kupasuliwa, utakuta nimeolewa na bidoni."

Akapasuliwa. Baada ya wiki mbili akapiga simu.

"Kipande walichotoa wamekipima, hawakuona hata chembe moja hai ya kansa! Daktari anasema wenye kuitikia dawa hivi kabla ya kisu, wengi wanaishi miaka mingi bila kansa kurudi. Wengi, si wote. Nitapimwa tena na tena, miaka mitano. Sikufichi kitu sasa. Utanitaka hivyo?"

"Mungu asifiwe! Nitakusindikiza nikushikie koti. Rudi nyumbani."

Miezi ikapita, kidonda kikafunga. Jumapili moja Casimir akaingia Kizuka, amekonda ndani ya koti la kijivu. Muzee Tadeo alikwisha kuambiwa yote na binti yake. Alifuta kiti tu.

Casimir akakaa. Polepole kwanza, halafu kwa uzito wake wote.

"Muzee, nashukuru kwa kiti. Nimekuja kuomba mutoto wako."

Muzee akakohoa, akageuza uso kidogo, akapangusa macho.

"Providence! Leta kiti kingine. Weka hapa, kando yake."

Providence akakimbia kukileta, machozi yanamtoka, anasema njia nzima: "Urakoze Mana, asante Mungu, urakoze."