Maji ya Tuta la Pili

Kila asubuhi kabla ya kengele ya gwaride, Kathambi wa darasa la sita alikuwa ameshafungua nyumba ya nailoni nyuma ya shule yao pale Timau. Humo mlikuwa na matuta mawili ya spinachi. La kwanza alilinywesha kila siku. La pili, Mwalimu Miriti aliagiza linyimwe maji siku sita kabla ya kuchuma.

"Mboga ikibanwa kidogo hujitengenezea kinga majanini," mwalimu alieleza, "na kinga hiyo hutufaa sisi tunaoila. Ikibanwa sana inakufa. Kwa hivyo kipimo, Kathambi, na kila unachofanya ukiandike daftarini."

Ijumaa bwana shamba, Bwana Muriithi, angekuja kuchukua majani ya matuta yote mawili ayapeleke maabara Nairobi. Tofauti ikionekana, wakulima wangefundishwa.

Jumatano majani ya tuta la pili yalikuwa yamelegea. Ntinyari, rafiki yake, akachungulia mlangoni.

"Ati mboga hizo ndizo mtaonyesha wageni? Mbona zimelala kama watu waliokesha matangani?"

Kathambi alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Kwao mgeni haonyeshwi ng'ombe aliyekonda. Mama yake humfunga nyuma ya ghala hadi mgeni aondoke. Saa ya chakula, wenzake wakiwa foleni ya githeri, alijaza ndoo akalinywesha tuta la pili lote. Kisha akaandika: *Tuta la pili, hakuna maji.*

Alhamisi majani yalikuwa yamesimama wima. Mwalimu akalipapasa moja.

"Laini kama ya tuta la kwanza. Kweli hukulinywesha tuta hili?"

"Kweli, mwalimu." Neno lilimtoka kabla hajalishika.

Jioni nyumba yao ilijaa majirani wa chai, na mama yake hakuwa na habari nyingine. "Huyu wangu ndiye ameshika daftari ya bwana shamba. Mwalimu hagusi kitu bila kumuuliza." Kathambi alikaa kwenye benchi kati ya wanawake wawili wanene, akashindwa kuinuka. Akisema, ni mwongo mbele ya wote hawa. Akinyamaza, kesho uongo utasafiri hadi Nairobi. Kila alikogeuka palikuwa na ukuta.

Ijumaa wanachama wote wa klabu ya kilimo walijipanga ndani ya nyumba ya nailoni. Joto lilibana, mlango ukafungwa. Bwana Muriithi alilinganisha majani, akayaona hayatofautiani, akasoma daftari mara mbili.

"Mwalimu, kama daftari hii ni ya kweli, njia yako haina faida. Nitawaambia wakulima wasijisumbue. Na nailoni hii tutaipeleka shule nyingine."

Mwalimu Miriti aliinamisha kichwa. "Daftari ni ya kweli," akasema. "Nimemwamini huyu mtoto. Basi mimi ndiye nilikosea."

Kathambi akatoka kwenye mstari.

"Hukukosea, mwalimu," akasema. "Nililinywesha Jumatano. Niliona aibu wageni wakute mboga zimelala. Halafu nikaandika uongo."

Ntinyari aliangalia viatu vyake. Bwana Muriithi akaikunja mifuko yake ya karatasi ya kutilia majani, akairudisha mkobani.

"Basi tuhesabu siku sita upya," akasema. "Nitarudi Alhamisi. Daftari inabaki na nani?"

"Na yeye," mwalimu akajibu.

Wiki hiyo wenzake walimwita Mama Mvua. Aliandika kila kitu, hata siku majani yalipolegea na mikono ikamwasha kutaka ndoo. Alhamisi majani ya tuta la pili yalikuwa madogo, mazito na ya kijani kilichokolea. Bwana Muriithi akayachukua pamoja na ya tuta la kwanza. Mwezi uliofuata barua ikaja kutoka maabara: majani ya tuta la pili yalikuwa na vitamini nyingi kuliko ya tuta la kwanza.

Mwalimu aliisoma barua darasani, kisha akamgeukia.

"Kathambi, maji uliyomwaga yalikauka kwa siku chache. Lakini uongo wa daftarini ungeingia katika kila shamba la Timau, na mimi ndiye ningeupeleka, nikiapa kwamba ni kweli. Nanyi wengine sikieni: ukikosea, andika kosa lako. Kosa lililoandikwa linaweza kurekebishwa. Lililofichwa humfunga aliyelificha, na wote wanaomwamini."