Washa Iliyokwisha Kazi

Hombolo ni nchi ya zabibu. Msimu ukifika, Gerson na mkewe Hilda hawana mapumziko. Hilda huamka kwanza, akafagia uwanja mpaka usione hata jani. Gerson hutoka baadaye, akawasha kirikuu chake, yaani gari lake dogo la mizigo. Wanapakia makreti ya zabibu, kisha Gerson anayapeleka mjini Dodoma, soko la Majengo.

Gari hilo ndilo lililowalisha. Wasio na gari huuza zabibu zao shambani, kwa bei ya kutupa. Gerson aliwahi kuishi hivyo miaka mingi. Hakutaka kurudi huko.

Gerson pia ni fundi bomba wa kijiji. Bomba likivuja, anaitwa yeye. Ni hodari, na anajua kuwa ni hodari, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Jumamosi moja alitaka kubadilisha oili ya gari. Hakwenda gereji. Aliingia mwenyewe chini ya gari, pale uwanjani.

Chini ya injini kuna bakuli la chuma linalohifadhi oili. Mafundi huliita sampo. Sampo ina tundu la kumwagia oili, nalo huzibwa kwa nati. Kati ya nati na sampo kuna kipete chembamba cha chuma laini. Kipete hicho huitwa washa.

Gerson alifungua nati, akamwaga oili chafu kwenye dumu. Kisha akaiangalia washa. Ilikuwa imebonyea na kuwa bapa.

"Hii imechoka," alimwambia Hilda.

"Si ukanunue nyingine, Baba Luka?"

"Niende mjini kwa ajili ya kidude hiki? Mimi ni fundi, bwana!"

Alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akakata kipete cha mpira. Ndivyo anavyofanya kwenye mabomba ya maji. Akakiweka pamoja na washa ileile ya zamani. Halafu akaikaza nati kwa nguvu zote, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akamimina oili mpya. Haikuvuja hata tone. Gerson alijisifu mpaka wakati wa kulala.

Siku chache baadaye, Hilda aliona doa jeusi pale gari lilipolala. Alilimwagia mchanga, akafagia. Kesho yake akaliona tena, kubwa zaidi. Akamwaga mchanga, akafagia. Kwao uwanja mchafu ni aibu ya mwanamke wa nyumba. Gerson alipoamka, alikuta uwanja umetakata. Hakuona kitu, wala hakuuliza.

Ikaja siku ya mavuno makubwa. Gerson alijaza gari mpaka juu. Jua lilikuwa kali, na alikuwa bado mbali na mji, taa nyekundu ya oili ilipowaka karibu na usukani, kuonya kuwa oili imepungua. Aliiona vizuri sana. Lakini zabibu hazivumilii jua.

"Nifike tu Majengo," alijisemea.

Akaendelea. Alipoanza kupanda kilima, injini ikagonga, ko, ko, ko, kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Kisha ikazima. Alijaribu kuwasha tena. Injini haikuzunguka kabisa.

Alimpigia simu Athuman. Huyu ni jirani yake, fundi magari, mzaliwa wa Kondoa. Athuman alikuja kwa pikipiki, amempakia Hilda. Alivuta stiki ya kupimia oili. Ilikuwa kavu. Akalala chini ya gari, akafungua nati, akatoka na washa na kipande cha mpira kilicholainika kama ugali.

"Baba Luka, hiki nini?"

"Tyubu ya baiskeli," Gerson alisema kwa sauti ndogo.

"Mpira huu ni wa maji. Oili ya injini ina moto, inauyeyusha. Na hii washa uliirudishia?"

"Niliirudishia."

"Washa ni chuma laini. Ukikaza nati, inabonyea na kuziba nafasi yote. Ikishabonyea imemaliza kazi yake. Ukiirudishia, oili inapata njia. Inatoka tone kwa tone mpaka inakwisha. Injini bila oili inajisaga yenyewe."

"Sasa?"

"Pole, ndugu yangu. Imenoki. Injini hii imekufa."

Hilda alikaa chini pale pale barabarani. Nyuki walikuwa wameshazivamia zabibu.

"Mimi niliona," alisema.

"Uliona nini?" Gerson aliuliza.

"Oili. Kila asubuhi. Nilikuwa naifagia."

Gerson alimgeukia. "Mbona hukusema, Mama Luka?"

"Nilidhani magari yote yanatoa uchafu. Na wewe ulisema ni fundi. Ungenisikiliza?"

 Gerson alijua jibu lake, na lilimuuma.

Zabibu zile zilimwagwa. Nyingi zilizobaki shambani waliziuza kwa bei ya kutupa, kama zamani. Gerson hakutaka kuonana na watu. Chakula kilimshinda. Watu walipomwita kutengeneza bomba, alisema anaumwa, na kweli moyo wake uliumwa. Mwishowe walipeleka mnadani ng'ombe wao wote wawili. Hilda aliwakamua asubuhi ile huku analia. Zizi likabaki tupu. Ng'ombe wakawa injini, tena injini iliyotumika.

Ulipofika wakati wa kubadilisha oili, Gerson alimwita Athuman mwenyewe.

"Nifundishe. Na Mama Luka asikie pia."

Athuman alichutama kando ya gari. "Injini iwe vuguvugu, isiwe ya moto, usije ukaungua. Fungua nati. Hakikisha washa ya zamani haikuganda juu kwenye sampo. Futa pale kwa kitambaa safi. Weka washa mpya, ya saizi ya nati yako. Anza kukaza kwa vidole, kisha malizia na spana. Ikishika, acha."

"Nisikaze sana?"

"Ukilazimisha, utaharibu meno ya sampo. Mimina oili, pima kwa stiki. Washa gari dakika chache, uchungulie chini. Zima, subiri kidogo, upime tena."

"Na kesho asubuhi?" Hilda aliuliza.

"Kesho ukiona tone, usifagie. Mwite Baba Luka. Na wewe, Baba Luka, taa ya oili ikiwaka, simama na uzime injini. Hata kama umebeba dhahabu."

Gerson alifanya yote kwa mikono yake. Wiki nzima ilipita, chini ya gari pakavu. Zabibu za mwisho za msimu zilifika Majengo salama. Zilikuwa chache, lakini zilifika.

Jioni hiyo Hilda aliikuta washa ile iliyobonyea, ya injini iliyokufa, kwenye kopo la misumari la mumewe. Gerson alikuwa ameitunza, pengine itafaa siku moja.

"Baba Luka, hiki ndicho kilichokula ng'ombe wetu?"

Gerson aliinamisha kichwa. "Ndicho."

 Hilda alikwenda nacho mpaka chooni, akakitumbukiza shimoni, akarudi kupika.