Dirisha la Gudrun

Mlango wa kushoto wa kabati ulikuwa umeachia nafasi ya kidole kimoja. Ejnar Bjerring aliusukuma ukafunga, akarudi kwenye michoro yake. Alipoinua macho, nafasi ile ilikuwa imerudi.

Kabati hilo alilibuni mwenyewe: refu, la chini, la mti wa msaji, lenye miguu myembamba. Milango yake haikuwa na bawaba wala vishikio, iliteleza kwenye mfereji bila kutoa hata mnong'ono. Mwaka ule wa 1956 wapenda samani wote wa Kopenhagen walikuwa wakilisifu. Sifa zile hazikumsaidia kitu. Mkewe Gudrun alikuwa amefariki Oktoba, chumbani humo humo, kwenye kitanda walichokiweka karibu na kabati kwa sababu ya jiko la joto.

Tangu hapo Ejnar alikula mkate wake mweusi akiwa amesimama. Siku nzima iliweza kupita hajasema neno, ila kumshukuru mleta maziwa. Wanasema upweke ni uvundo, lakini wa kwake ulinuka kafuri, ile ambayo Gudrun alikuwa akijipaka kifuani, na harufu ilitoka kwenye ile nafasi ya kidole. Ilimtisha, naye hakutaka iishe.

Desemba akaja Dagny, dada yake Gudrun, kutoka Jutland, na kopo la biskuti za tangawizi.

"Shemeji, umekonda kama miguu ya meza zako," alisema akivua koti. "Unakula au unachora chakula tu?"

"Nakula."

"Muongo. Kaa chini, nikuchemshie kahawa."

Walikunywa wakiangalia theluji. Saa tisa alasiri mwanga ulikuwa umeshaanza kufa, na Ejnar alikuwa karibu kucheka kwa jambo fulani alilolisema Dagny, pale walipousikia ukucha ukikwaruza ubao kwa ndani, polepole, kutoka mwisho mmoja wa kabati hadi mwisho wa pili, ukasita, ukarudi, na mlango wa kushoto ukasogea kidole kimoja mbele ya macho yao, bila sauti.

"Ni mbao," Ejnar alinong'ona. "Mbao hupumua."

Ndani ya kabati mtu akakohoa.

"Mbao hazikohoi, shemeji." Dagny alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Siku ile alipokata roho, ulimfungulia dirisha?"

Ejnar alilitazama dirisha. Kwao hata mlevi wa mtaani, akifa, hufunguliwa dirisha ili roho ipate njia.

"Nakuuliza, Ejnar."

"Gundi ya kabati ilikuwa mbichi," alisema mwishowe. "Nje mvua. Unyevu ungeipinda milango, na maonyesho yalikuwa yamekaribia."

"Umemfungia dada yangu kwa ajili ya gundi?"

Ejnar alifunika uso akalia. Dagny hakumbembeleza.

"Mfungulie sasa. Milango yote, kisha dirisha. Muage vizuri. Halafu ulifunge kabla ya kuwasha taa, na usilifungue tena leo. Penye njia ya kutoka pana njia ya kuingia."

Alifungua. Baridi iliingia kama maji, karatasi zikaruka mezani, na katikati ya upepo ule uliokuwa ukiingia kitu kilipita kikielekea nje, kikamgusa shavu kwa kafuri na kwa joto, kikakawia kidogo dirishani kana kwamba kinasubiri kuzuiwa, na Ejnar, aliyetamani kukizuia kuliko alivyotamani kupumua, akasema, "Nenda, mpenzi wangu. Nisamehe." Nyuma yake kabati likapasuka ufa mrefu. Harufu ikaisha.

Dagny alilifunga dirisha kwa mkono wake, akambusu, akawahi treni.

Ndipo nyumba ikawa tupu kweli. Ejnar aliketi akasikiliza, na hakukuwa na ukucha wala kikohozi. Angevumilia hofu mwaka mzima, lakini ukimya ule alishindwa kuuvumilia hata jioni moja. Alimimina kahawa kwenye kikombe cha Gudrun, akakiweka juu ya kabati, akafungua dirisha tena.

"Rudi," aliita. "Kidogo tu."

Alikaa na koti mwilini hadi giza likatanda na kahawa ikaganda juu. Hakuja mtu. Akafunga dirisha, akawasha taa, akajilaumu kwa ujinga wake. Theluji ilikuwa imeingia ikatapakaa sakafuni, na ndani yake mlikuwa na nyayo za miguu mitupu, kubwa kuliko zake, zikitoka dirishani hadi kwenye kabati.

Milango, aliyoiacha wazi, ilikuwa imefungwa.

Alipiga magoti. Kwa kidole kimoja akausogeza ule wa kushoto, kiasi kile kile. Harufu ya tope la bandarini ikamjia usoni.

"Gudrun?"

Kutoka ndani, taratibu, bila mnong'ono, kama alivyoubuni, mlango ukafungwa.