Sauti ya Pili kwenye Albamu ya Ossi

Haya yalimpata kaka yangu Ossi, mwanamuziki wa roki, na sipendi kuyasimulia. Alikuwa ameachana na bendi yake kwa ugomvi, akaapa kutoa albamu ambayo kila sauti ingekuwa yake mwenyewe. Jumamosi moja mchana tulioga kwenye sauna, kibanda chetu cha mvuke wa moto, kama kawaida, tukala soseji, tukataniana.

Tulipotoka, Mama akamwaga maji ya mwisho juu ya mawe ya moto, akafunga mlango. Kwetu mvuke ule haogi mtu. Ni zamu ya mwenye sauna, yule asiyeonekana. Ossi akanyanyua gitaa na kinasa sauti.

"Mwangwi wa mle ndani ni balaa," alisema.

"Ngoja kesho, mwanangu," Mama alinong'ona. "Sasa hivi kuna mwenyewe."

"Mama nawe! Basi ataniitikia."

Akaingia. Akafanya hivyo kila Jumamosi mpaka albamu ikakamilika.

Ilipotoka, magazeti ya Helsinki yaliisifu kupita kiasi. Ila yote yaliuliza swali moja: yule mzee anayeitikia ni nani?

"Mzee gani?" Ossi alifoka. "Nimeimba peke yangu!"

Tukaweka sahani ya santuri, tukasikiliza. Alikuwepo. Nyuma ya Ossi, chini kabisa, kama mtu mwenye majivu kooni.

Kadiri watu walivyoipenda albamu, ndivyo mzee yule alivyosogea mbele. Kufikia majira ya kupukutika majani, redioni Ossi ndiye aliyekuwa akiitikia. Kisha hakusikika tena.

Kwenye tamasha la Tampere alifungua kinywa, ikatoka sauti ile ile. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mimi nilimtazama machoni, nikaona anaogopa kama mtoto.

Kesho yake alipiga simu nyumbani. "Mama, ni mimi."

"Samahani, mzee, umekosea namba," Mama akajibu, akakata.

Alipotambua ni nani, alilia sana. Akatafuta kaseti ya zamani, Ossi wa miaka mitano akimwimbia Baba Krismasi, angalau aisikie sauti ya mwanawe.

Kwenye kaseti, vyombo viligongana. Marehemu baba akacheka. "Haya, Ossi, imba."

Mzee yule mwenye majivu kooni akaanza kuimba.

Wimbo ulipoisha, baba alipiga makofi. "Vizuri sana, mwanangu," alisema.