Kamera ya Duane Inayochelewa

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mnara wa maji. Wendell Sobczak kakaa jikoni, mguu wenye hogo kaupandisha juu ya stuli, anachagua kamera.

Mguu aliuvunja alipoanguka kwenye ngazi akitundika popo wa plastiki. Umri ule, jamani, mtu hupanda ngazi? Lakini banda lao la gari kila Halowini, ile sikukuu ya kutishana, hugeuzwa nyumba ya mizimu, na mtaa mzima hupanga foleni. Mwaka huu hataweza kukimbia kwenye vichochoro vya giza. Ataendesha mambo akiwa mezani: akimwona mgeni kwenye kioo, abonyeze kitufe, jeneza lifunguke.

Kwa hiyo picha haitakiwi kuchelewa. Jeneza likifunguka mgeni keshapita, utamtisha nani?

Mezani palikuwa na vioo viwili. Cha kulia kilikuwa cha kamera zisizo na waya, alizoazimwa na jirani yao Duane, ambaye jioni ile alikuwa nje na wenzake wakipanga maboga. Cha kushoto kilikuwa cha kamera mpya za waya. Mkewe, Corinne, yuko bandani, chumba cha mwisho, simu mkononi, kakalia kiti cha bembea.

Na kiti hicho ndicho chenye maneno.

Kilikuwa cha Bi Jadwiga, mama yake Wendell. Kila mwaka bibi yule alijipaka unga usoni, akaketi katikati ya wanasesere wakubwa kama watu, hapepesi hata kope. Wageni wakidhani naye ni mwanasesere... mpaka awadake mkono. Alikuwa akisema waziwazi, kiti kile asikalie mwingine. Alifariki siku za Pasaka. Corinne, ambaye hakupikika naye chungu kimoja hata siku moja, akachukua kiti, gauni, na kitambaa cha kichwa.

"Cori, punga mkono," Wendell alisema kwenye simu.

Kioo cha kushoto, Corinne akapunga.

"Safi! Nimekuona."

"Umeona nini, wewe mzee? Sijapunga bado, najikuna."

Ndipo simuni bangili zake zikalia. Cha, cha, cha. Anapunga sasa. Baadaye kidogo, kwenye kioo cha Duane, mkono ukapanda taratibu.

Wendell akatazama kioo kimoja, kisha kingine.

Cha kulia kinachelewa. Sawa. Lakini cha kushoto...

Kilikuwa kinatangulia.

Harufu ikapita jikoni. Vitunguu vya kukaangwa kwa siagi, na dawa ya kufukuza nondo kabatini. Harufu ya mama yake. Jikoni hakukuwa na kikaango chochote motoni.

Kwenye kioo cha kushoto, mwanasesere wa mwisho kwenye safu aligeuza shingo.

Kisha akanyoosha mkono, polepole, akaushika mkono wa Corinne.

Simuni, Corinne alikuwa bado anaimbaimba.

"Cori. Toka hapo."

"Eti nitoke! Unanifanyia mazoezi mimi? Katishe watoto wa watu."

"Toka, nakuomba! Mama yuko hapo!"

Akacheka mpaka akakohoa. "Mwambie mama yako gauni lake linanibana!"

Wendell akajirusha chini, akajikokota mpaka kwenye mlango wa kuingilia bandani. Alikuwa kauziba mwenyewe kwa mbao upande wa pili, wageni wasije wakapotelea jikoni. Akaupiga kwa ngumi. Akalia, akapiga mayowe mpaka sauti ikakauka.

Ng'ambo ya mbao, Corinne naye akapiga yowe. Moja tu.

Nje wakapiga makofi.

"Mwaka huu wametisha!" Duane alipaza sauti. "Tena, Wendell! Rudieni tena!"

Walipokuja kuzivunja zile mbao, kiti kilikuwa kinabembea, kina joto. Kitambaa cha kichwa kimekunjwa vizuri juu yake, kama Bi Jadwiga alivyokuwa akikikunja. Corinne hakuwepo. Polisi walipita na mbwa, na mbwa wakagoma kuingia chumba kile. Wengine mtaani wanasema alimkimbia mume. Kwa viatu gani? Viatu vyake viko mlangoni mpaka leo.

Wendell bado yuko jikoni. Kioo cha kushoto kakifunika kwa taulo la vyombo, hataki kujua ya mbele. Cha kulia hakizimi, na Duane hathubutu kuja kudai kamera zake.

Maana kile kinachelewa. Tangu jioni ile kimezidi kuchelewa. Ndani yake Corinne bado yupo kitini, kinywa wazi, anacheka.

Wendell husogeza uso karibu na kioo na kumnong'oneza, "Toka, Cori. Toka." Hasikiki.

Na picha haijaganda. Inasogea, kidogo mno.

Juzi, mwanasesere wa mwisho alikuwa anatazama mbele.

Leo ameanza kugeuza shingo.