Dakika Sita za Konokono

Kifufuzi kilifanya kazi bila kelele. Mkono wake wa mwanga ulipita juu ya diski iliyochubuka, ukasoma kilichosalia, na pale picha ilipofutika mashine ilitazama picha jirani, ikakisia rangi iliyokosekana na kuirudisha. Gwantwa Mwaisumo, mhandisi wa Hifadhi ya Filamu jijini Mbeya, alikitengeneza kwa miaka saba. Kufikia mwaka huo wa 2094 kilikuwa kimeshafufua filamu mia nne, lakini hakuna iliyomfanya acheke peke yake kazini kama hii.

Diski ilitoka Mwezini, kwa wachimba barafu arobaini na watatu. Filamu yenyewe, Konokono Aendaye Juu, ilikuwa katuni iliyochorwa kwa mkono miaka arobaini iliyopita na Studio Ukoko: watu wawili katika chumba kilichokuwa juu ya mashine ya kusaga mahindi mtaani Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya. Ilionyeshwa siku tano, ukumbi ukiwa karibu mtupu, ikasahaulika. Mchimbaji mmoja aliibeba kwenye mzigo wake, na kwa miaka ishirini wenzake wakaitazama kila Jumamosi mpaka diski ikachakaa. Waliyajua maneno yote. Mtu akichelewa kula, alijibu kama Konokono: "Nakuja, msimalize chai!"

Dakika ya themanini, Kifufuzi kikasimama. Konokono, aliyekuwa akielekea Mwezini, alikuwa chini ya mlima wa mwisho. Baada ya hapo, weupe mtupu.

"Mwisho haupo," mashine ikasema. "Nitunge?"

"Tunga," alijibu Gwantwa.

Kabla hajamaliza kikombe cha kahawa, dakika sita zilikuwa tayari. Konokono alipanda mlima mbio, Mwezi ukamkumbatia, muziki ukapaa. Gwantwa aliridhika, akaituma. Kesho yake msimamizi wa wachimbaji, Obedi Chengula, akapiga simu ya picha.

"Dada, tunakushukuru sana. Umeturudishia rangi tulizokwisha kuzisahau. Ila yetu siku zote huishia chini ya mlima; huyo wa mwishoni si wetu."

"Amekosa nini?"

Obedi alikuna kichwa. "Ana haraka."

Gwantwa alicheka, ingawa maneno yale yalimchoma. Akaamua kuwatafuta wachoraji wenyewe. Baada ya wiki moja alimpata Bi. Tumpe Kibona, mwenye miaka sabini na mmoja, mtaani Soweto jijini humo, akipamba keki ya harusi. Alikuwa akizungusha maua ya krimu ukingoni, mkono wake hautikisiki.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuhusu Konokono."

"Marahaba. Konokono gani?" Akainua macho. "Yule? Mwanangu, yule hakuna aliyemwona."

Gwantwa hakubishana. Aliwasha simu ya picha. Wachimbaji walikuwa wamejipanga, bado wamevaa mavazi ya kazini, na wakaigiza tukio lote la kwanza wakipokezana sauti. Jibaba moja lenye ndevu ndilo lililokuwa kipepeo. Bi. Tumpe alicheka mpaka mfuko wa krimu ukamponyoka, kisha akaketi akalia, huku bado anacheka.

"Na mwisho wake, mama? Ulipotelea wapi?"

"Haukupotea. Hatukuuchora." Alifuta vidole kwa aproni. "Nilikuwa na kaka yangu, Ambele. Tulichora miaka sita. Tulipobakiza kidogo, mwenye ukumbi akatuonyesha mashine inayotunga filamu nzima kabla ya chakula cha mchana. Ambele aliitazama, akaniambia, 'Tumpe, basi.' Hakushika penseli tena. Tukaionyesha hivyo hivyo ilivyo. Sasa ana miaka minane kaburini. Alikufa akiamini tulipoteza ujana wetu bure."

Gwantwa aliikumbuka kahawa yake, akaona aibu.

"Ungependa kuumalizia?" aliuliza.

"Dakika sita ni picha elfu nne na zaidi. Peke yangu nitafia mezani."

"Peke yako kwa nini?" sauti ya Obedi ikaingia. Kumbe simu haikuzimwa.

Basi kazi ikaanza. Bi. Tumpe alifungua bahasha ya kaka yake, ambayo hakuwahi kuigusa. Ndani, Ambele alikuwa ameacha mlima wa mwisho umekamilika. Alibaki Konokono tu wa kuchorwa juu yake. Bi. Tumpe alichora picha kuu za kila mwendo, wachimbaji wakajaza za katikati kwa vidole vilivyozoea keekee za kutoboa barafu. Kila mkono ulimpa Konokono umbo lake: mara mnene, mara amepinda, mara ana masharubu. Kifufuzi kilipewa kazi ya kuzipanga tu.

"Nimnyooshe huyu?" kiliuliza.

"Usimguse," alisema Gwantwa.

Miezi mitano baadaye, Jumamosi alasiri, ukumbi wa Hifadhi ulifurika hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Konokono alipanda mlima wake taratibu, akapumzika katikati, akala jani, akaendelea. Ukumbi ulicheka, sekunde chache baadaye kikafika kicheko cha Mwezini. Jina la Ambele Kibona lilipotokea, la kwanza kabisa, watu walisimama wote.

"Mama!" Obedi aliita kutoka kwenye kioo kikubwa. "Ya pili lini?"

Bi. Tumpe alitoa penseli mkobani. Pale pale jukwaani akachora panzi mwenye miwani iliyovunjika. Watu wakashangilia. Kisha mkono wake ukasita. Nyuma ya panzi, karatasi ilikuwa tupu.

"Milima, miti, anga, vyote alichora Ambele," alisema. "Mimi sikuwahi kujifunza." Akaielekeza karatasi kwenye kamera. "Nani huko anajua kuchora milima?"

Sauti yake ilisafiri. Halafu kule Mwezini mikono ikainuka yote, mingine miwili miwili.