Nilipoziba Tundu kwa Ndani

Kila nikitoka shule nilivua sare, nikala kilichobaki cha mchana, kisha nikaenda uani kukagua kijumba. Mama yangu ni seremala, na kijumba hicho alikinunua kikuukuu kwa wasafiri waliokichoka. Kilikuwa chumba kidogo cha mbao na bati jepesi, kilichopachikwa mgongoni mwa pikapu yetu. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati, meza ya kukunja na dirisha lenye pazia la maua. Kazi yangu ilikuwa moja: kila baada ya mvua niinue godoro, nipapase pembe zote kwa kiganja, kisha nimwambie Mama kukoje.

Kijumba kilinunuliwa kwa ajili ya Babu, baba yake Mama. Mgongo wake haukumruhusu kukaa kitini zaidi ya nusu saa, na dada yake aliishi mwendo wa siku mbili. Walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Sasa macho ya dada yake yalikuwa yanafifia, na daktari alikwisha kusema hayana tiba. Bibi huyo alituma ujumbe kwa simu ya jirani yake: "Njoo, mdogo wangu, nikuone ningali naona." Mama akapanga tuondoke siku ile ile shule zitakapofungwa. Njiani tungesimama kila mara ili Babu ajinyooshe kitandani.

"Injinia," Babu aliniita kila aliponiona na tochi yangu, "nyumba yangu inasemaje leo?"

"Inakusalimu, Babu."

"Iambie nami naisalimu. Ila isije ikanikojolea kitandani."

Mvua za kwanza zilipoanza, kiganja changu kilirudi kimelowa. Tone dogo lilikuwa linaning'inia pale dari ilipokutana na ukuta, juu ya mto wa Babu. Mama alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, anapiga randa. Lakini nilishamwona mara nyingi akiziba madirisha kwa silikoni, nikajiambia, ah, hili nalo la kumwitia mtu? Nikachukua silikoni, nikapaka mstari mnene pale palipodondosha, nikaulainisha kwa kidole. Mvua iliyofuata, tone halikuonekana. Nilijiona fundi wa mafundi.

"Kukoje?" Mama aliuliza jioni.

"Kukavu, Mama."

Sijasema uongo, nilijifariji, maana kulikuwa kukavu kweli. Neno hilo nililirudia kila mvua kwa miezi miwili, na kila nikilisema nilikwepa kumtazama Mama usoni.

Siku moja kabla ya safari, Babu alipanda kujaribu kitanda chake. Akaegemea ukuta, na ukuta ukabonyea. Mama akabonyeza kwa kidole gumba, kikazama. Alipoibandua plaiwudi, uvundo ulitupiga usoni. Fito za ndani zilikuwa nyeusi, laini kama mkate uliolowa chai, na hata ubao unaobeba kitanda ulikuwa umeoza.

"Maji yamekaa humu siku nyingi," Mama alisema. "Na hapa juu kuna silikoni. Nani kapaka?"

"Labda wale wenyewe wa zamani," Babu akajibu.

Nikanyamaza. Najutia mambo mengi katika kisa hiki, lakini ukimya ule unaniuma kuliko yote. Mama aliamini maneno ya Babu, akamwita jirani yetu, fundi wa bodi za magari tuliyemwita Fundi Taratibu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha. Kwa kuwa palikuwa pameoza zaidi chini ya dirisha, walidhani dirisha ndilo linalovuja. Siku nzima ya pili, siku ambayo tulipaswa kuwa barabarani, walilifungua, wakalifunga upya, wakalimwagia maji kwa mpira ili kulijaribu. Maji bado yaliingia.

Jioni, tukiwa tunakula, nilisukuma sahani yangu pembeni.

"Mama," nikasema, "ile silikoni niliipaka mimi. Tone lilianzia juu ya mto, siyo dirishani."

Mama aliweka kijiko chini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Lini?"

"Mvua za kwanza."

Babu alinitazama, kisha akainamia sahani yake.

Asubuhi Fundi Taratibu aliweka feni mlangoni ipulize hewa ndani, akaziba nafasi iliyobaki kwa nailoni. Kisha akapanda ngazi akiwa na ndoo ya povu la sabuni, akaanza kulipaka kwenye viungo vya paa.

"Umewahi kumwona fundi baiskeli akitafuta pancha?" aliniuliza. "Ndiyo hivi. Hewa itatokea pale maji yanapoingilia."

Juu kidogo ya mahali pa mto, kando ya skrubu iliyolegea, povu likaanza kuchemka. Tundu lenyewe hata ncha ya penseli isingepita. Methali ya ufa na ukuta niliijua tangu darasa la pili, na ufa nilikuwa nimeuziba. Ila upande usio wake.

"Ulipoziba kwa ndani, maji yalikosa pa kutokea," Fundi alisema bila ukali. "Yakashuka ukutani na kukaa humo. Tundu la maji huzibwa nje, mwanangu. Na ukiona tone, usilifiche. Lile ndilo linalokuonyesha pa kutafuta."

Alikwangua silikoni kuukuu, akang'oa skrubu, akaweka nyingine nene, akabandika utepe wa gundi nzito kwenye kiungo na kupaka silikoni mpya juu yake. Hayo yote yalichukua saa moja tu. Mbao ndizo zilizotuchelewesha. Mama alikata zilizooza, lakini zilizobaki zilibidi zikauke kabisa, maana ukifunika mbao mbichi unafungia uozo ndani. Siku tisa niliigeuza feni huku na huku. Siku zote hizo Babu hakuniita Injinia hata mara moja.

Tulifika kwa dada yake Ijumaa. Alikuwa amekaa kitini mlangoni, uso ameuelekeza kwenye mngurumo wa gari. Babu alishuka polepole.

"Dada, nimefika."

Bibi akanyoosha mikono, lakini aliinyoosha pembeni, pasipo na mtu. Babu akasogea, akajiweka mikononi mwake.

"Jumanne ndiyo giza limeingia, mdogo wangu," Bibi alisema. "Jumatatu nilikuwa bado nakiona kizingiti."

Vidole vyake vikapanda shingoni, mashavuni, mpaka utosini mwa Babu. "Nywele ziko wapi?"

"Zilitangulia!"

Wakacheka mpaka wakakohoa, nami sikujua niuweke wapi uso wangu.

"Mbona mmechelewa? Nilikutazamia tangu wiki iliyopita."

"Gari lilivuja," Babu akajibu, akaishia hapo. Alikuwa ananisitiri.

"Bibi, ni mimi," nikasema. Nikamweleza yote, tone, silikoni, neno "kukavu", na jinsi nilivyonyamaza Mama alipouliza.

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti yangu.

"Macho yangu hukuyapofusha wewe," alisema. "Lakini siku zile zilikuwa zangu, na hazirudi. Kukosea ni kwa kila mtu, hata mafundi hukosea. Kosa ukilisema siku ile ile, wakubwa wako watakusaidia kulibeba. Ukilificha linakua, na mwisho linamwangukia mtu ambaye hata humjui. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Bibi. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa nifanyie kazi. Simama hapa, umtazame vizuri mdogo wangu, uniambie amekuwaje. Na usimpambe."

Nikamtazama Babu.

"Hana unywele hata mmoja, Bibi. Nyusi zimekuwa nyeupe. Jino moja la mbele halipo. Shingo imekonda." Nikasita.

"Endelea."

"Na analia, Bibi."